Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA): Mpagazi akiugua mlimani, ashuke bila kupoteza ujira

Ndugu Kamishna,

Naandika kuhusu njia ya Western Breach, ule ukuta wa mawe upande wa magharibi wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na kuhusu vijana wanaoupanda wakiwa na mizigo ya wengine kichwani.

Historia yake unaijua. Januari 2006 mawe yaliporomoka juu ya kambi ya Arrow Glacier yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Njia ikafungwa, baadaye ikafunguliwa tena. Septemba 2015 jiwe likamuua Mmarekani mwingine palepale ukutani. Chanzo chake nacho kinafahamika. Barafu ndiyo iliyoyashikilia mawe yale kwa karne nyingi, na tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka. Usiku maji huganda kwenye nyufa, mawe yakatulia. Jua likipiga, yanaachia. Ndiyo maana wageni tunawaamsha usiku wa manane, wawe wamevuka sehemu mbaya kabla ukuta haujapata joto.

Lakini mpagazi hawezi kuondoka na mgeni. Mgeni akishatoka ndipo hema lake linang'olewa, sufuria zinaoshwa, mtungi wa gesi unafungwa. Kwa safari zinazolala kwenye kreta, mizigo hiyo yote lazima ipite ukutani. Kwa hiyo kijana anaingia pale nyuma ya wenzake, saa zilezile ambazo sisi waongozaji tunaziogopa, na mara nyingi kichwani ana sulufeti la vyakula, hana helmeti.

Hatari ya pili haina kishindo. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi inakupa kama nusu ya oksijeni unayoipata Tanga au Dar es Salaam. Mwili ukipandishwa haraka, kichwa kinauma, chakula hakipiti, usingizi unakimbia. Ukiendelea kupanda, ubongo unaweza kuvimba, mtu akaanza kupepesuka kama mlevi, ashindwe hata kutembea kwenye mstari ulionyooka. Au mapafu yanajaa maji, anahema akiwa amekaa tu, anakohoa mate yenye povu. Akifika hapo dawa na chupa ya oksijeni vinanunua muda tu. Tiba ni kumshusha, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Sasa fikiria kambi ya kreta, zaidi ya mita 5,700, karibu na mabaki ya barafu ya Furtwängler. Machela ya gurudumu moja tunayoitegemea kwenye njia nyingine haiwezi kuteremka Western Breach. Mgonjwa wa pale, ambaye kila mita ya kupanda inamuumiza, sharti kwanza apandishwe hadi ukingo wa kreta ndipo ateremshwe upande wa kambi ya Barafu. Sijui sehemu nyingine ya mlima huu inayohitaji ugonjwa ugunduliwe mapema kuliko hii.

Na tunaugundua mapema kwa nani? Jioni, kwenye hema la chakula, mwongozaji anapita na kile kifaa cha kubana kidoleni. Anasoma oksijeni, anaandika daftarini, anauliza: kichwa vipi? Umekula? Jana ulilala? Akimaliza na wageni anafunga daftari. Hatua chache kutoka hapo kuna hema la wapagazi, wamebanana humo, na kidole cha hata mmoja wao hakijapimwa. Wengi bado wanaamini kijana wa Kibosho au Machame mlima haumwezi. Si kweli. Vijiji vyetu vya miteremkoni viko chini ya mita 2,000, na mwili uliokulia huko unahitaji siku za kuzoea kama mwili wa mgeni.

Hata akiulizwa, Kamishna, atajibu yuko fiti. Hilo hasa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mpagazi akirudishwa njiani, mara nyingi analipwa siku alizobeba tu, na tipu inayogawanywa mwisho wa safari inampita. Nyumbani kuna ada, kuna kodi, kuna mama anayesubiri. Basi anameza panadoli, anakaza kamba ya mzigo, ananyamaza. Sisi tunamfundisha kila mtu kwamba usalama wa mlimani unaanza na kusema mapema "najisikia vibaya". Mgeni akisema hivyo anakosa kilele. Mpagazi akisema hivyo anakosa chakula cha watoto.

Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wa ofisi yako. Kwanza na zaidi ya yote, iwe ni sharti la leseni kwamba mpagazi au mpishi anayeteremshwa kwa ugonjwa analipwa safari nzima pamoja na fungu lake la tipu. Hapo ndipo daftari la mwongozaji litakapoanza kuandikwa ukweli. Kisha, asipandishwe mtu yeyote kutoka Arrow Glacier bila helmeti, awe mgeni au mbeba mtungi, na iwekwe saa ambayo ikipita hakuna mzigo unaoingia ukutani. Kama mizigo haiwezi kuwahi saa hiyo, basi ipitishwe njia nyingine au kundi lisilale kreta. Hili la mwisho litawaudhi baadhi ya wafanyabiashara wenzetu, nami nalisema nikijua.

Wapo watakaosema sheria hizi hazisimamiki mlimani. Mzigo wa mpagazi mliuwekea kikomo cha kilo 20, mkaweka mizani getini, na leo kila kampuni inajipanga foleni kupima. Helmeti zinahesabika kwenye mizani hiyohiyo, na orodha ya walioshuka mapema inaweza kudaiwa getini mnapokagua wanaotoka.

Waongozaji wengi wenye uzoefu wa Western Breach wanaishi Moshi. Tuite, tukae na maofisa wako tupange saa na vituo vya njia hiyo, ikiwezekana kabla ya Juni, msimu mkubwa haujaanza.

Wako katika kazi ya mlima,
Mwongoza wageni, Moshi