Akufukuzaye hakwambii toka, hukwambia "jiajiri"

KIBARAZA CHA MZEE KIBARUA

Keki ilikuwa moja, walioagwa kumi na tisa. Juu yake mtu mwenye mkono mzuri alikuwa ameandika kwa krimu: "Kila la heri katika kujiajiri." Mpwa wangu alinionyesha picha kwenye simu Jumatatu jioni, nikamuuliza kama naye alionja.

"Nilipata kipande chenye 'kuji', mjomba. 'Ajiri' walibaki nayo wao."

Tangu hapo sijatulia. Mama Watoto alipika pilau siku isiyo sikukuu akidhani ataniponya. Niliila kwa hasira, nikaongeza sahani, nayo nikaila kwa hasira.

Nasema mapema, ili asiyependa akimbilie ukurasa wa michezo: kujiajiri ni jambo la heshima, lakini neno hilo likitoka kinywani mwa aliyekupunguza kazi ni tusi lililonyooshwa kwa pasi. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawakusema atakwambia nini badala yake. Sasa tumejua. Atakwambia "jiajiri", kisha atakukatia keki.

Mpwa wangu amepanga kurasa za ripoti na kalenda za kampuni iliyokata keki hiyo kwa miaka 13. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao kabla hajaamua. Mashauriano yalifanyika. Yalianza chai ya saa nne ikiwa ya moto na yakaisha kabla haijapoa. Kiinua mgongo nacho kikalipwa kama sheria inavyosema, yaani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Sheria ilihesabu vidole vya mikono miwili, vikaisha. Ile miaka mitatu iliyobaki, nadhani ndiyo keki.

Kabla ya keki kulikuwa na semina ya ujasiriamali. Nusu siku. Mkufunzi alikuja na ndoo na mti wa kukorogea, akawafundisha kutengeneza sabuni ya maji. Mchoraji wa nembo alikoroga. Mhasibu alikoroga. Dereva mwenye umri wangu naye alikoroga, tai shingoni. Mkuu wa utumishi akasimama na kuwaambia kwamba ajira ni utumwa wa mawazo na wao sasa wako huru. Kisha akarudi ofisini kwake, utumwani, kwenye kiyoyozi.

Jumatano nikamsindikiza mpwa wangu kwenda kuurasimisha huo uhuru. Tulianza safari na gari langu, tukafika kwa daladala.

Tukaanza na ofisi ya kodi. TIN, namba ya mlipakodi, anayo tangu alipochukua leseni ya udereva, lakini ile si ya biashara. Dada wa dirishani, mpole kabisa, akatueleza kinachotakiwa, kikiwamo kitu kimoja kilichotusimamisha: mkataba wa pango. Biashara yako iko wapi? Mpwa wangu akagusa begi la kompyuta mpakato. Dada akatabasamu, akarudia swali.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu biashara ni fremu. Ina mlango wa chuma, kaunta, na mtu aliyekaa nje kwenye kiti cha plastiki. Mtu anayeuza kilichomo kichwani mwake, akikaa ukingoni mwa kitanda, hana pa kuonyesha kidole. Machinga mwaka 2018 alipewa kitambulisho cha sh 20,000 kwa mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Mzigo wake ulionekana begani, hakuna aliyeuliza kama yupo.

Tukavuka barabara kwa kijana wa steshenari anayewajazia watu fomu mtandaoni. Kila ofisi ya umma ina kijana wa aina hii nje ya geti, naye ndiye serikali halisi. Fomu ya BRELA ya kusajili jina la biashara aliijaza huku akila muhogo. Alipofika penye aina ya biashara, mpwa wangu akaeleza: kupanga kurasa, kubuni nembo, kusanifu ripoti. Kijana akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, andika steshenari." Na anwani? Nikajipiga kifua: nyumbani kwangu Tabata, chumba cha uani. Mkataba je? Tukaandika palepale, mimi mwenye nyumba, yeye mpangaji, bila malipo. Kijana akacheka. "Mzee, mkataba wa bure nani ataamini? Weka hata elfu hamsini kwa mwezi."

Nikaweka. Ujinga ni wangu, simsingizii mtu.

Elfu hamsini kwa mwezi ni laki sita kwa mwaka. Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, ndiyo sh 60,000. Ushuru wa stempu asilimia 1, sh 6,000. Ile asilimia 10, kisheria, ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji huikata tu na kuiwasilisha. Yaani nilikwenda kumsindikiza mtu aliyeachishwa kazi, nikarudi nyumbani nikiwa nadaiwa kodi ya pango ambalo sijapokea na sitapokea. Sh 66,000 zikatoka kwenye kiinua mgongo chake, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa na nauli tu. Na tangu Alhamisi watoto wa jirani wanagonga mlango wakitaka daftari la mistari. Sijui nani amewaambia.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonikwama ni simu ya Ijumaa.

Aliyepiga ni yuleyule wa utumwa wa mawazo. Sauti asali. Ripoti ya mwaka imekwama, mchapishaji anaisubiri Jumatatu, na hakuna anayejua faili ziko wapi. Je, mpwa wangu angeweza kuwasaidia, "kama mtaalamu wa kujitegemea"? Alete invoisi, na risiti ya EFD. Watakata kodi ya zuio asilimia 5. Malipo ndani ya siku 90.

Hesabuni wenyewe. Kazi ileile, bosi yuleyule, hata makosa ya herufi yaleyale. Alipokuwa ameajiriwa, mchango wa NSSF ulikuwa asilimia 20 ya mshahara, na angalau nusu yake ilikuwa juu ya mwajiri. Ile nusu ndiyo iliyopunguzwa kazi. Mpwa wangu hakupunguzwa. Amerudishwa bila kiti, bila likizo, bila chai, akiwa na steshenari isiyo na kalamu. Wakimlipa laki sita, elfu thelathini hazimfikii mkononi, na hizo nyingine zitamkuta miezi mitatu mbele, kama ataifikia. Mimi naishi hivyo miaka mingi, jina la kibaraza hiki si la pambo, na mhariri wangu anajua ninachokisema. Lakini mhariri wangu hajawahi kunikatia keki.

Nilimwambia, "Mwanangu, kazi ifanye, njaa haina kiburi. Ila zile 66,000 za pango zitie kwenye invoisi."

"Nimeshazitia, mjomba."

Akanigeuzia kompyuta. Mstari wa kwanza, kupanga kurasa. Mstari wa pili, marekebisho. Mstari wa tatu, sh 66,000: "Keki."