Maoni: Ubao wa ofisi ufutwe, lakini maamuzi yabaki

Kikao kikianza saa mbili asubuhi, ubao mweupe wa ofisi huwa safi. Ikifika saa nne umejaa majina, tarehe, kiasi cha pesa na mishale inayounganisha kazi moja na nyingine. Kisha kundi lingine linaingia, mtu anachukua kitambaa na kufuta. Wiki mbili baadaye watu wanaulizana nani aliahidi kupeleka dawa kijijini, na kila mmoja anakumbuka jina la mwenzake.

Kutokana na hasara hiyo, wazo la chombo kinachohifadhi chenyewe maandishi ya ubao hurudi mara kwa mara. Kamera ndogo inafungwa ukutani na kupiga picha kila baada ya dakika chache. Programu inalinganisha picha hizo, inamwondoa mtu aliyesimama mbele ya ubao, inanyoosha pembe, kisha inaweka nakala pamoja na saa na tarehe kabla kitambaa hakijapita.

Wazo lenyewe si jipya. Katika miaka ya 1980 Japani ilikuwa tayari inauza mbao zinazosoma maandishi na kutoa nakala kwenye karatasi. Mwaka 1991 kampuni ya SMART ya Kanada ilitoa ubao uliounganishwa na kompyuta. Leo simu ya kawaida yenye kamera inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kwa hiyo ofisi za Goma, Bukavu, Bunia au Lubumbashi hazina haja ya kungoja mashine ya bei kali, tena inayozimika kila umeme unapokatika. Zinachokosa ni kanuni.

Hasara ya kukosa kanuni inaonekana wazi kwenye kazi inayogusa maisha ya watu. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini, ukaenea Ituri, uliua watu zaidi ya 2.200 kabla ya kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Kila aliyemkaribia mgonjwa alipaswa kufuatiliwa kwa siku 21. Jina linaloandikwa leo lazima lipatikane kesho, kesho kutwa na siku ya ishirini na moja. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuachwa mikononi mwa ubao unaofutwa kila jioni. Anayesahaulika kwenye orodha anaweza kuugua nyumbani, katikati ya jamaa zake.

Lakini mlipuko huohuo unafundisha pia upande wa pili. Tarehe 19 Aprili 2019, mjini Butembo, daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani, OMS, aliuawa katika shambulio dhidi ya hospitali. Mahali ambapo watumishi wa afya wanawindwa, ubao unaoonyesha timu gani itapita barabara ipi kesho si maandishi ya kawaida tena. Hali ni hiyohiyo kwa ubao wenye majina ya wagonjwa, ya wanawake waliobakwa au ya mashahidi. Kufutwa kwake ni ulinzi. Kamera inayohifadhi kila kitu bila kuuliza inaondoa ulinzi huo, na picha moja ikipenya kwenye kundi la WhatsApp, hakuna atakayeweza kuirudisha.

Wanaosifu uvumbuzi huu husema uzuri wake ni kwamba hakuna anayehitaji kukumbuka kupiga picha. Ni kweli, maana binadamu husahau. Lakini mashine haijui kutofautisha hesabu ya mifuko ya saruji na jina la msichana aliyekuja kutafuta msaada. Uamuzi huo ni wa mtu, na lazima awe mtu anayejulikana.

Kongo ina sheria ya kuanzia. Kanuni za mambo ya kidijitali zilizotolewa tarehe 13 Machi 2023 zinagusa pia ulinzi wa taarifa za watu binafsi. Kilichobaki ni kila ofisi kuzifikisha kwenye ukuta wake. Kabla ya kikao, ateuliwe mtu mmoja wa kuhifadhi ubao. Maamuzi, tarehe na wahusika wa kila kazi vipigwe picha na kuwekwa mahali pamoja panapofungwa kwa neno la siri, si kwenye simu binafsi ya mkuu wa ofisi. Majina ya wagonjwa na ya wanaolindwa yasiandikwe ubaoni kabisa. Na kikao kinachofuata kianze kwa kufungua picha ya kile kilichopita.

Ofisi itakayofanya hivyo inaweza baadaye kununua kamera ya kujiendesha yenyewe, nayo itaisaidia. Ofisi isiyofanya hivyo, hata ikinunua, itakuwa na picha elfu moja na bado haitajua nani alipaswa kupeleka dawa.