Nyumba ya Ndoa Haiwekwi Rehani kwa Siri



Ndugu Waislamu, hapa Mpanda na katika vijiji vya Katavi, msimu wa mpunga au tumbaku ukiharibika, karatasi za mkopo ndizo huanza kusema. Dalali hubandika tangazo la mnada mlangoni, na mama wa nyumba ndipo anapotambua kwamba paa lililowafunika wanawe liliwekwa rehani.

Hukumu ya riba inajulikana, hatuirudii hapa. Tunachokemea leo ni uongo unaoandikwa katika karatasi hizo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 114, inataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na ridhaa ya mke, au wake, wanaoishi humo. Marekebisho ya mwaka 2008 yalimtaka mkopeshaji ahakikishe kama mwombaji ana mwenza, na yakafanya kuwa kosa la jinai kudanganya kwa kiapo juu ya jambo hilo. Hata hivyo, wapo wanaoapa kwa maandishi kuwa hawajaoa, ilhali wake zao wako jikoni wakiwapikia.

Aliyefunga ndoa mbele ya mashahidi, vipi aikane mbele ya wakili kwa ajili ya mkopo? Aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeagiza deni liandikwe kwa uadilifu na lishuhudiwe. Maandishi yamewekwa kuhifadhi haki, si kuificha.

Watasema: mke akiulizwa atakataa. Naam, na akikataa ametumia haki yake. Huenda kukataa kwake kukawaokoa watoto.

Ama aliyekwisha kushindwa kulipa, asiifiche notisi chini ya mkeka. Kifungu cha 127 kinampa siku 60 tangu aipokee ili arekebishe deni kabla nyumba haijauzwa. Kifungu cha 133 kinamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri. Ikiwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, huhesabiwa kuwa amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Siku hizo ni za kutafuta msaada wa kisheria, familia nzima ikijua, si za kujificha.

Tunawaomba maimamu walieleze jambo hili wazi, na kina mama wasisikie habari za nyumba zao kutoka kwa dalali.

Wabillahi tawfiq.