Kunyamaza Si Adabu

Ndugu walimu, wako miongoni mwetu wasemao kwamba darasa lenye adabu ni lile lisilosikika sauti. Nami nasema wamekosea, tena hasara yake ni kubwa.

Mtazameni Karama katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951. Alishitakiwa na Majivuno kwa kuwa alitaka watu wafundishwe sheria. Naye akajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita, wakarudi na mema, wakafungwa. Mfalme alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akatoa hukumu. Huo ndio uraia: msemaji aseme kwa staha, mwenye mamlaka asikilize.

Nasi twafanyaje? Twawakaririsha watoto majina ya wajumbe, na aulizaye, "Mwalimu, kwa nini walifungwa?" twamwamuru akae chini. Basi twasoma habari za Karama, twamfuata Majivuno!

Kanuni za darasa yafaa ziwe hizi: soma kwanza, omba nafasi, toa sababu, msikilize mwenzio mpaka amalize. Mtoto aliyezibwa kinywa darasani, atawezaje kusema kweli barazani? Samaki hukunjwa angali mbichi. Nasi tusimkunje mtoto akawa bubu.