Ukihamia Ujerumani, pangia jiko nafasi na umfikirie mtoto

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira mjini Berlin mnamo Septemba 2024, familia nyingi zimekuwa zikiuliza kuhusu viza, lugha na shule za watoto. Lakini kuna swali ambalo wengi hulikumbuka siku ya kukabidhiwa funguo: tutapikia wapi?

Nchini Ujerumani ni jambo la kawaida mpangaji kukuta chumba cha kupikia kikiwa kitupu. Utaona mfereji ukutani, bomba la majitaka na nyaya za umeme, basi. Sinki, kabati na jiko, mpangaji wa awali alivibeba kwa sababu ni mali yake. Nyumba yenye jiko tayari hutangazwa kwa neno Einbauküche, ambalo hufupishwa EBK. Unapotafuta nyumba, angalia herufi hizo tatu.

Wakati mwingine anayehama hukubali kukuuzia vyake. Kabla ya kulipa, washa kila sehemu ya jiko, kagua kama kuna ukungu chini ya sinki na nyuma ya kabati, kisha andikianeni orodha na bei. Kumbuka pia utalipa amana, ambayo kwa sheria ya huko yaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Kwa hivyo usinunue kila kitu kwa pupa. Anza na sinki, jiko, friji na meza imara ya kukatia mboga. Mengine yatakuja polepole.

Jiko likianza kupangwa, mtoto awe wa kwanza kufikiriwa.

Umeme: Jiko kubwa lenye oveni huunganishwa na nyaya za ukutani, mara nyingi za volti 400. Hiyo si kazi ya shemeji mwenye bisibisi. Mwite fundi wa umeme aliyeidhinishwa na uitunze risiti.

Mahali pa jiko: Liweke mbali na mlango na njia ambayo watoto hupitia wakikimbia, na uache nafasi pande zote mbili ya kutua sufuria. Watoto wadogo huungua sana kwa vitu vya majimaji: chai, uji, supu. Pikia sehemu za nyuma kwanza na ugeuze mikono ya sufuria ielekee ukutani. Mtoto akiungua, mwagilia jeraha maji ya mfereji yaliyo baridi kiasi, si barafu, kwa dakika 20, huku sehemu nyingine ya mwili ikifunikwa asipate baridi. Usipake dawa ya meno, siagi wala yai. Kama jeraha ni kubwa au liko usoni, piga simu 112.

Kabati: Mtoto anayejifunza kupanda hutumia droo kama ngazi, na kabati refu lisilofungwa ukutani linaweza kumwangukia. Mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa ukuta, tena kwa maandishi, kwa sababu siku ya kuhama atakagua. Akikataa, nunua kabati fupi na pana. Sabuni za kuoshea vyombo na dawa za kuzibua mabomba ziwekwe juu, mahali panapofungwa.

Mvuke: Sisi hupenda githeri na maharagwe, chakula cha kuchemka kwa saa nyingi. Wakati wa baridi madirisha yamefungwa, mvuke hugeuka maji kwenye kuta na ukungu huota. Ukungu humsumbua sana mtoto mwenye pumu. Tumia sufuria ya presha, funika vyungu, na ukimaliza kupika fungua dirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi. Acha pia nafasi ndogo kati ya kabati na ukuta wa nje ili hewa ipite.

Makaa: Hili ndilo ninalotaka usilisahau. Usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba, iwe ni kwa nyama choma au kwa kuota moto. Usiliingize ndani hata makaa yakionekana yamekufa. Nyumba za huko zimezibwa vizuri kuzuia baridi, na makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo mtu hudhani ni uchovu au mafua. Anayelala nayo huenda asiamke. Kifaa cha kutambua moshi kilichofungwa kwenye dari hakiitambui hewa hii. Inahitaji kifaa chake maalumu. Mkijisikia hivyo wote kwa pamoja, tokeni nje kwanza, ndipo mpige 112.

Na wewe mzazi uliyebaki nyumbani, mwanao akikupigia simu kukuambia amepata nyumba, mpongeze. Kisha muulize mambo matatu: nani ameunganisha umeme wa jiko, kabati zimefungwa ukutani, na wakihisi baridi wanaota nini? Ni maswali ya dakika mbili, na mjukuu wako anayahitaji.