Mzimeni Huyo Kindi

Yule kindi ni mimi niliyemwandika. Wacha nianze hapo, kabla mtu hajaniita mnafiki.

Karo ilinishinda mwaka wa tatu wa chuo. Nikarudi mtaani na laptop ya deni, na tangu siku hiyo nakula kwa maneno: maelezo ya viatu vya kuuzwa mtandaoni, hotuba za harusi, tafsiri ya fomu za bima. Kazi moja ilitoka kwa kampuni iliyokuwa ikitengeneza sauti za elimu za watoto wa miaka mitatu hadi saba, za kusikizwa garini. Maagizo yalikuwa ukurasa mmoja. Iwe Kiingereza, lafudhi isiyo ya popote, jina la mtu au mahali lisiwemo, na kila kipindi kiishe kwa kuhesabu moja hadi ishirini. Nikatuma kisa cha sungura anayemchezea fisi shere katika shamba la ndengu. Kikarudi na swali: ndengu ni nini? Basi nikaandika kindi anayeokota stroberi kwenye theluji. Walilipa M-Pesa siku hiyo hiyo, na kwa mwandishi wa kujitegemea huo ni muujiza. Nikamsahau kindi wangu.

Tulikutana tena Agosti, ndani ya gari la dada yangu.

Tulikuwa tumeenda nyumbani Kiritiri kumchukua mama. Macho yanamsumbua na alikuwa na miadi na daktari Nairobi. Dada anaendesha, mimi mbele na kazi ya kufungua njugu, mama nyuma katikati ya wajukuu wawili, mmoja PP2, mwingine Gredi ya 3. Wasee wanaoijua njia wanajua: kutoka Kiritiri unaweza kupanda Embu uzunguke, au uteremke Kamburu, uvuke mto, utokee Kangonde, Matuu, Thika. Sisi tukateremka. Hatujafika mbali, dada akaunganisha simu na spika, na sauti ya kizungu cha popote ikaanza kutuhesabia stroberi.

Nilimjua kindi wangu kwa neno la tatu. Sikusema kitu. Aibu ilinishika, na pia watoto walikuwa wametulia, na mzazi yeyote anayeendesha gari na watoto wawili wanaogombania dirisha atakwambia utulivu huo una bei yake.

Sasa nisikize vizuri. Tulipofika Kamburu, mama aliinua kidole akaanza kusema kitu. Alisema kwa Kimbeere, kwa sababu mambo ya pale alipoyaishia ndiyo lugha yao. Mtoto mdogo akamwambia, "Cucu, shh." Hakumaanisha utovu wa adabu. Kindi alikuwa amefika kumi na saba.

Mama akashusha kidole. Tukavuka.

Hasira yangu inatoka hapo, na tangu siku hiyo sijaweza kuimeza. Najua mama alichotaka kusema kwa sababu nimekisikia mara mia. Bwawa la Kamburu lilikamilika 1974. Mama alikuwa msichana, na mama yake alimtuma na mtungi wa uji kuwauzia vijana wa mjengo. Alijifunza kutoa chenji pale, kabla ya kujua kuandika jina lake. Aliona mto Thagana, ambao ramani huuita Tana, ukisimamishwa, maji yakapanda mahali watu walipokuwa wakivukia kwa miguu. Watu wazima waliogopa viboko wangekasirika. Halafu nyaya zikapita juu ya boma lao zikielekea Nairobi, na kwao kukabaki na koroboi kwa miaka mingi sana. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere: mabwawa matano kwenye mto mmoja, mengi yao yakipakana na ardhi ya Wambeere. Simu iliyokuwa ikimcheza kindi huenda ilichajiwa na maji yaleyale tuliyokuwa tukiyavuka.

Hesabu ilikuwepo hapo, ya chenji ya uji. Sayansi ilikuwepo, historia, hata siasa. Tukachagua stroberi.

Mtaniambia nimekuza mambo. "Wewe hata mtoto huna," dada aliniambia jioni hiyo nilipoungama, na ana haki. Akaniambia pia kitu kizito zaidi: mtihani hauulizi habari za uji wa cucu. Mtoto akifika shule akijua sauti za herufi, mwalimu anampenda; asipojua, anawekwa nyuma. Dada hakuokota woga huo barabarani. Mimi na yeye tulisoma shule ya msingi ambapo ukiongea lugha ya nyumbani unavishwa kibao shingoni, unakivaa mpaka umkamate mwenzako. Tulifundishwa kunasana. Mtu aliyekua hivyo akinunua Kiingereza cha dakika arobaini kwa bando lake, ananunua kinga ya kibao. Sitamcheka.

Lakini nitamgombeza anayemuuzia. Nilikuwa mmoja wao, kwa hivyo naijua siri ya dukani: neno "elimu" kwenye tangazo linamlenga mzazi. Mtoto haulizwi. Mzazi anasikia abc na moja hadi ishirini, dhamiri inatulia, anaendesha. Mtoto amejifunza nini, hakuna aliyewahi kuniuliza nilipokuwa naandika. Niliulizwa tu kama ni dakika ngapi.

Na ati sauti peke yake inamfunza mtoto lugha? Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, walichapisha jaribio lao juu ya watoto wachanga wa miezi tisa hivi. Kundi moja lilichezewa na kusomewa vitabu na watu hai waliozungumza Kimandarini. Makundi mengine yalipata Kimandarini hichohicho kwa video au kwa sauti tu. Waliokaa na watu walianza kutofautisha sauti za lugha ile. Wa video na wa spika hawakupata kitu. Sawa, hao ni watoto wachanga, mtoto wa Gredi ya 3 ana akili ya kufuata hadithi, na mimi siwezi kusema spika haimfunzi lolote. Ninachosema ni kwamba mtu hai alikuwa ameketi katikati yao, goti kwa goti, na sisi tulilipia mashine ya kumnyamazisha.

Mnajua Kimbeere kina watu wangapi? Sensa ya 2019 ilihesabu Wambeere karibu laki mbili. Mtaa mmoja mkubwa wa Nairobi unatumeza tukapotea. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema serikali itakuza lugha za kiasili, na sera ya elimu tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 inasema madarasa ya chini yafunzwe kwa lugha ya mahali. Maneno mazuri. Lakini serikali haiko kwenye kiti cha nyuma cha Vitz. Pale kuna mama yangu na wapwa zangu, masaa matatu, milango imefungwa, hakuna TV, hakuna pa kukimbilia. Kama lugha haiwezi kupita hapo, itapitia wapi?

Basi wazazi mnisamehe, nitawaambia ninavyochagua siku hizi, maana dada amenipa adhabu ya kusimamia sauti za garini. Swali langu ni moja: ikizimwa, mtoto ana la kuuliza? Kindi hana. Ukimzima, kimya. Kuna vitu vinavyofaulu. Akili, yule msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro, kutoka kwa watu wa Ubongo kule Dar es Salaam, anaimba Kiswahili ambacho mtoto anaweza kumjibu muuza mboga. Watu hao walianza na Ubongo Kids kwenye televisheni mwaka 2014, na hesabu yao ina mende na vumbi na vyakula tunavyovijua. Wapwa zangu walibishana na wimbo mmoja kutoka Thika hadi Roysambu. Kubishana ndiko ninakokutaka.

Halafu kuna vile ambavyo hakuna aliyeviita vya elimu. Leonard Mambo Mbotela alianza "Jee, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966, na sidhani kuna mtoto wa rika la mama yangu aliyejua kwamba anafunzwa. Swali linaulizwa, nyumba nzima inageuka kumtazama baba, kwa sababu ni yeye aliyefanya kitu hicho jana. Mzee Mbotela ametuaga Februari 2025. Sijui mtayarishaji wa sauti za garini aliyekaa chini akajiuliza ni kwa nini kipindi kifupi hivyo kilidumu zaidi ya nusu karne bila kumhesabia mtu moja hadi ishirini.

Redio pia. Ukikaribia Embu, weka Wimwaro FM, waache watoto wasikie matangazo ya maziko na bei ya mbuzi kwa Kiembu, ndugu wa karibu kabisa wa lugha yetu. Hawataelewa nusu. Watauliza. Vipindi vya asubuhi vya kuchambua ndoa za watu, hivyo badilisha stesheni haraka. Kanuni za utangazaji zinazuia mambo ya watu wazima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, lakini dereva yeyote wa basi la shule anaweza kukueleza zinavyofuatwa.

Na mwishowe nilirudi Kiritiri na simu. Nimemrekodi mama visa kumi na moja, cha Kamburu kikiwa cha kwanza, kila kimoja kama dakika saba. Kimbeere, bila tafsiri, ila pale anapojua neno ni gumu analirudia kwa Kiswahili chake cha soko. Ubora wa sauti ni mbovu. Kuna jogoo. Kuna mahali jirani anaingia kuomba chumvi na mama anampa, anaendelea. Nikatuma kwa WhatsApp, dada akacheza viwili njiani kwenda kazini na shule.

Ripoti yake: cha kwanza walilalamika, wakataka kindi. Cha pili mdogo aliuliza ni nani yule anaomba chumvi. Mkubwa akasema sauti ya cucu iko tofauti, hapo hakuna aliyemwambia anyamaze. Dada aliniambia hayo kwa sauti ya chini, tukahamia mambo mengine.

Mama nilimweleza yote, pamoja na kindi. Hakucheka. Alitaka kujua kampuni ilinilipa pesa ngapi kwa kila kipindi. Nikamtajia. Akapiga hesabu kichwani, mara kumi na moja, akaniambia atangoja M-Pesa kabla ya kusimulia cha kumi na mbili.