Mzigo wa kuthibitisha usibebeshwe mjane wa mwanamaji

Mwaka 1968 Admirali Elmo Zumwalt alikabidhiwa uongozi wa vikosi vya wanamaji wa Marekani vilivyokuwa Vietnam. Vijana wake wengi walikuwa kwenye boti ndogo za doria, wakipenya mito na mifereji ya delta ya Mekong, mahali ambapo vichaka viliinamia maji na adui aliweza kufyatua risasi akiwa hatua chache tu kutoka kwenye boti. Kwa hesabu yake mwenyewe, kila mwezi asilimia 6 ya vijana hao waliuawa au kujeruhiwa. Aliyepangiwa kukaa huko mwaka mzima hakuwa na matumaini makubwa ya kurudi salama. Zumwalt akaagiza kingo za mito zinyunyiziwe Agent Orange, dawa ya kuua majani iliyokuwa na sumu ya dioksini. Majani yakapukutika, maficho yakaisha, na kiwango kile kikashuka hadi chini ya asilimia 1 kwa mwezi. Miongoni mwa makamanda wa boti hizo alikuwamo luteni kijana mwenye jina lile lile, Elmo Zumwalt wa tatu. Alikuwa mwanawe wa kwanza.

Luteni huyo alirudi nyumbani, akasomea sheria, akaoa, akazaa. Mwaka 1983 madaktari walimkuta na saratani ya tezi za limfu, na miaka miwili baadaye saratani nyingine, ugonjwa wa Hodgkin. Dada yake alimtolea uboho, lakini Agosti 1988 alifariki akiwa na umri wa miaka 42. Mtoto wake wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1977, alikuwa na matatizo makubwa ya kujifunza. Admirali aliamini kwamba amri yake ndiyo iliyomuua mwanawe, na hakuificha imani hiyo. Hata hivyo alisema kwamba angerudishwa mwaka 1968 angetoa amri ile ile, kwa sababu iliokoa maisha ya wengi, na mwana aliafikiana naye. Wengine huisoma kauli hii kama ukaidi wa mwanajeshi. Mimi naiona kuwa msingi wa haki kwa kila familia ya mwanamaji. Amri inaweza kuwa sahihi vitani na bado ikaacha deni, na deni hilo ni la taifa lililoagiza. Kwa hiyo mwanamaji mstaafu anapougua, serikali ndiyo inayopaswa kubeba mzigo wa shaka. Mgonjwa na mkewe wasibebeshwe mzigo huo.

Nasema shaka kwa makusudi, kwa maana uhakika haupatikani. Saratani haiji na alama inayoonyesha ilikotoka. Inaweza kuchelewa miaka 15 au 30, na kwa muda huo dioksini iliyoingia mwilini inakuwa imepungua, kwani karibu kila baada ya miaka 7 inabaki nusu yake. Kumbukumbu za ndege ya kunyunyizia dawa ilipita wapi na ilimwaga nini ziko mikononi mwa jeshi, hazimo katika sanduku la mwanamaji. Hata mtoto wa admirali, ambaye baba yake alikuja kuwa mkuu wa Jeshi la Wanamaji lote kuanzia mwaka 1970 hadi 1974, hangeweza kuthibitisha mahakamani kwamba dawa fulani siku fulani ndiyo iliyomuua. Mpishi wa melini angeweza vipi? Makampuni yaliyotengeneza dawa hiyo yalikubali mwaka 1984 kutoa dola milioni 180 ili kesi iishe bila hukumu. Askari mlemavu kabisa aliishia kupata si zaidi ya dola takriban 12,000, tena kwa mafungu ya miaka kumi. Fedha hiyo haiwezi kumtunza mgonjwa wa saratani, sembuse kusomesha watoto wake.

Njia iliyofaa ilikuja kwa sheria. Mwaka 1990 Zumwalt, sasa mstaafu, aliiandikia wizara ya askari wa zamani ripoti nzito iliyotetea uhusiano kati ya dawa ile na magonjwa kadhaa, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Agent Orange. Utaratibu wake ni mwepesi kueleweka. Ukithibitisha kwamba ulitumikia Vietnam, na ugonjwa wako umo kwenye orodha, sheria inachukulia kwamba uliupata kazini. Leo magonjwa yote mawili yaliyompata luteni yamo kwenye orodha hiyo. Yeye hakuifaidi. Alikuwa kaburini miaka miwili na nusu sheria ilipotiwa saini.

Lakini serikali ikishazoea kudai ushahidi, huutafutia mlango mwingine. Mwaka 2002 wizara ile ile iliamua kwamba mwanamaji aliyekaa baharini hahesabiwi mpaka aonyeshe kwamba alikanyaga ardhi ya Vietnam au aliingia katika mito yake. Mwaka huo huo watafiti wa Australia, waliokuwa wakichunguza afya ya wanamaji wa nchi yao, walionyesha jinsi sumu ilivyoweza kuwafikia watu wa melini. Maji ya mito yaliisukuma hadi baharini, meli ikavuta maji ya pwani na kuyachemsha ili kupata maji ya kunywa, na dioksini ikapanda pamoja na mvuke badala ya kubaki na chumvi. Alfred Procopio, aliyekuwa kwenye meli ya USS Intrepid katika bahari ya Vietnam mwaka 1966, aliomba fidia ya kisukari mwaka 2006 na ya saratani ya tezi dume mwaka 2007. Alikataliwa. Mahakama ya rufani ilimpa haki Januari 2019, na Juni mwaka huo sheria mpya ikawarudisha wanamaji wa baharini katika hesabu. Ilikuwa imepita miaka 17, na muda huo kwa wazee wagonjwa unatosha kuwageuza wake zao kuwa wajane.

Kuna hoja za kupinga, na zina uzito. Ya kwanza ni kwamba kisukari na saratani ya tezi dume ni magonjwa ya wazee popote duniani, hivyo sheria itawalipa watu ambao sumu haikuwagusa. Ni kweli, itawalipa. Mwaka 2011 jopo la wanasayansi wa Marekani lilikiri kwamba takwimu zilizopo haziwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba wanamaji wa baharini walifikiwa na sumu. Pale ambapo sayansi imesimama katikati, lazima mtu akosewe. Kumlipa mzee asiyestahili kunaigharimu hazina fedha. Kumnyima anayestahili kunaigharimu familia nyumba, karo na matibabu, na fedha haitamfufua mtu. Hoja ya pili ni gharama. Nchi iliyopata fedha za kununua dawa za kuua majani zaidi ya lita milioni 70 na ndege za kuzimwaga haiwezi kusema hazina ni tupu bili ya hospitali inapofika. Hoja ya tatu, kwamba askari alijua hatari ya kazi yake, nayo haisimami. Alikubali kukabili risasi. Hakuna aliyemwambia kwamba maji ya kunywa yangemfuata hadi uzeeni.

Hoja nzito kuliko zote ni ya Wavietnamu wenyewe, walioishi chini ya dawa za kuua majani tangu mwaka 1962 hadi 1971. Kesi yao ilitupwa na mahakama ya New York mwaka 2005. Haki ya mwanamaji wa Marekani haipunguzi haki yao. Kanuni ninayoitetea, kwamba aliyemwaga sumu ndiye abebe shaka, inawahusu wao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Zumwalt mwenyewe alifariki Januari 2000 kwa mesothelioma, saratani ambayo kwa kawaida husababishwa na asbesto, madini yaliyofunika mabomba na mitambo ya meli za kivita za kizazi chake. Basi si vita tu inayodhuru. Meli yenyewe inaweza kumdhuru anayeitumikia. Kenya ina jeshi la wanamaji tangu mwaka 1964, na wanamaji wake walishiriki kuuteka mji wa Kismayu mwaka 2012. Tanzania nayo ina kambi yake Kigamboni. Nawaomba wabunge wa nchi hizi mbili, watakapojadili mafao ya askari wastaafu, waandike katika sheria orodha ya magonjwa ya kazi za melini. Atakayeugua mojawapo alipwe bila kudaiwa ushahidi asioweza kuupata, na akifariki, mkewe na watoto walipwe vivyo hivyo. Na kumbukumbu za kila meli, rangi, mafuta na kemikali zilizotumika ndani yake, zihifadhiwe kuanzia sasa na ziwe wazi kwa familia.